Sista Aliyemjua Mume Wangu Kabla Yangu

Sebuleni kwa mama mkwe wangu, kule Kibugu, upande wa Embu, kuna picha ya kwaya ya vijana. Imetundikwa juu ya televisheni, mahali ambapo huwezi kunywa chai bila kuiona. Mume wangu yuko safu ya nyuma, mwembamba, masikio yamemzidi kichwa. Mbele yake, kidogo upande wa kushoto, amesimama msichana aliyeinua kidevu kama mtu aliyeitwa jina lake. Wote wanatazama kamera. Mume wangu peke yake anatazama kisogo cha yule msichana.

Nilipoolewa sikuuliza. Mama mkwe ndiye aliyeniambia, siku moja tukimenya viazi.

"Huyo sasa ni sista wa wagonjwa huko Meru, hospitali kubwa," alisema. "Angeolewa hapa, tungekuwa na daktari ndani ya nyumba."

Hakusema kwa ubaya. Alisema jinsi mkulima wa chai anavyosema kwamba mvua ingenyesha wiki iliyopita majani yangekuwa mengi. Mimi nilikuwa nimeshika kisu, nikaendelea kumenya kiazi mpaka kikawa kidogo kama yai la njiwa.

Mimi ni Mmeru. Nilizaliwa juu kidogo ya mji wa Meru, nikasomea ualimu Embu, nikampata mume wangu huko. Sasa tunaishi Siakago, kwenye joto la Mbeere, yeye akiwa afisa wa kilimo, mimi nikifundisha Kiswahili katika shule ya upili. Yaani msichana wa Kibugu alikwenda kwetu kufanya kazi, na mimi wa Meru nikaja kwao kuolewa, kama wanawake wawili waliobadilishana miavuli kwenye harusi, kila mmoja akafika nyumbani na wa mwenzake. Ila mimi nilikuwa na hofu kwamba mwenye mwavuli angerudi kuuchukua.

Kila presha ya mama mkwe ilipopanda, alimpigia simu sista. Kila Krismasi sista alimtumia kitu: blanketi, viatu laini vya miguu inayovimba, siku moja mashine ndogo ya kupima presha. Mimi nilimnunulia leso nzuri, akaikunja akaiweka kabatini. Mashine aliiweka mezani, juu ya kitambaa cha kufuma, karibu na Biblia.

Nilikuja kumuuliza mume wangu wakati nikiwa na mimba ya kwanza. "Kulikuwa na nini kati yako na yule wa Meru?"

"Mambo ya kwaya," akasema. "Tuliimba."

Jibu fupi namna hiyo halimalizi neno. Baba yake sista alipofariki, mume wangu alikwenda Kibugu kusaidia kuchimba kaburi, kwa sababu mashamba yao yanapakana na yeye ndiye kijana mwenye mgongo mzuri. Aliniomba twende pamoja. Nilisema nina karatasi za mtihani za kusahihisha. Zilikuwepo kweli, lakini zingeweza kungoja. Sikutaka kumwona yule mwanamke akilia na mume wangu akimtazama analia. Alirudi jioni viatu vikiwa na udongo mwekundu, akanisimulia jinsi mvua ilivyowapata kaburini na jeneza likawateleza mikononi wakalishika kwa magoti. Nilisikiliza yote nikingoja ataje jina lake. Hakulitaja, na hilo nalo likanikera.

Sasa nieleze siku yenyewe.

Mdogo wangu wa kike alikuwa anaposwa, nasi tukapanda kwenda Meru kwa wazazi wangu. Siku chache kabla, mume wangu alikuwa akikata nyasi za ng'ombe nyuma ya nyumba, panga likateleza likamgonga muundi wa mguu. Halikuwa jeraha la kutisha. Aliliosha kwa maji ya chumvi, akafunga kitambaa, akavaa suruali ndefu akaenda kazini kwenye vumbi la Siakago kama kawaida. Nilimwambia apite kliniki. Akasema kidonda cha panga si mgeni kwa mkulima.

Asubuhi ile kwetu aliamka anatetemeka. Mama yangu akacheka: "Mkwe wangu, joto la Mbeere limekunywa damu yote. Baridi yetu imekushinda!" Watu wakacheka, naye akacheka nao, akameza vidonge viwili vya kutuliza maumivu, akavaa koti. Alikuwa mkwe mkubwa katika boma lile, ndiye angewapokea wageni pamoja na wajomba zangu. Mkwe hawezi kujilaza kitandani nyumbani kwa wakwe kama mwana wa nyumba. Hata kama angekuwa anakufa angekufa akiwa ameketi wima, amefunga tai.

Niliyaona mambo madogo lakini sikuyaunganisha. Alifunga vifungo vya shati vikapishana. Niliviweka sawa, naye akasimama tu, mikono chini, kama mtoto wa chekechea. Alikataa chai, na huyo ni mtu ambaye hakatai chai hata msibani. Aliniuliza wageni wanatoka wapi, nikamjibu, na kabla sijafika mlangoni akaniuliza tena. Nilidhani ana wasiwasi wa kuongea mbele ya watu.

Wageni walipoketi, alisimama kuwakaribisha. Akasema, "Wazazi wetu, tumefurahi." Akanyamaza. Akatazama bati la paa. Akasema tena, "Tumefurahi." Halafu akaketi, lakini kwenye kiti ambacho mjomba wangu alikuwa bado amekikalia.

Wajomba walitazamana. Nilijua wanachofikiri, na mume wangu hanywi pombe. Nilimshika mkono nikamtoa nje kwa aibu zaidi kuliko kwa hofu. Nje, penye mwanga, nikaona anavyopumua. Alipumua kwa haraka, kama mtu aliyetoka kupanda mlima, na hakuwa amepanda chochote. Nikaita tuktuk.

Kwenye idara ya dharura ya ile hospitali kubwa tulikuta benchi limejaa. Kulikuwa na kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu, analia kwa sauti ya kuita mama yake. Kulikuwa na mtoto aliyeungua kwa uji. Hospitalini mwenye kelele huonekana kwanza, na hata mimi nisingelaumu mtu, kwa sababu ule mguu wa kijana ulikuwa umegeukia upande ambao miguu haigeukii. Muuguzi wa mlangoni alimpima mume wangu joto. "Homa hana," akasema kwa upole. "Keti hapo, mama, mtaitwa." Tukaketi. Mume wangu alikuwa kimya, macho nusu, anapumua. Ungesema ni mzee anayesinzia kanisani.

Ndipo akapita mwanamke aliyevaa sare, amebeba trei ya vifaa kuelekea kwa mtoto wa uji. Alikuwa amenenepa kuliko kwenye picha, nywele amezifunga nyuma. Kidevu kilikuwa kilekile. Nilimtambua kabla hajatuona.

Alitupita. Halafu akasimama. Akampa mwenzake trei, akarudi, akachuchumaa mbele ya mume wangu. Mimi hakunitazama.

Alimsalimia kwa Kiembu. Kiembu na Kimeru ni ndugu. Ukinena polepole tunasikilizana, na yeye alinena polepole sana. Alimtaja kwa jina la utotoni, ambalo mama mkwe peke yake ndiye hulitumia. Mume wangu akafungua macho. Akatabasamu. Tangu asubuhi hakuwa amenitabasamia mimi hata mara moja.

Akamwambia, kwa Kiembu ambacho hata mtoto wa Meru angekielewa: "Mwambie baba yako nitangoja. Hata kama ni miaka miwili, nitangoja. Mbuzi wa mahari wapo."

Sijui kama umewahi kusikia neno likakuingia kwenye meno. Benchi lote lilikuwa linasikiliza, au niliona hivyo. Na yule mwanamke, badala ya kuona haya, akamshika mkono. Akaugeuza. Akambonyeza ukucha wa kidole gumba, akauachia, akautazama, akaubonyeza tena. Mkono wa mume wangu, ndani ya mikono yake miwili, mbele yangu.

Nikainuka. Nikachukua mkoba wangu. Sikuwa na mpango, nilitaka tu kuwa mahali ambapo wao hawapo.

"Mwalimu," akaniita, bado amechuchumaa, bila kugeuza kichwa. Kumbe alijua mimi ni nani. "Mwalimu, tafadhali usiende. Nakuhitaji. Hivi ndivyo anaongea nyumbani?"

Nilisikia matusi ndani ya swali. "Labda anaongea hivyo na wewe," nikamwambia.

Akanigeukia sasa. Uso wake haukuwa na ushindi wowote. Ulikuwa uso wa mtu anayefanya hesabu kwa haraka.

"Baba yangu tulimzika," akasema. "Huyu alichimba kaburi. Alishika jeneza likiteleza kwenye mvua. Mtu hasahau kitu kama hicho, mwalimu. Hasahau akiwa mzima."

Nikasimama pale na mkoba wangu. Udongo mwekundu kwenye viatu. Magoti yaliyoshika jeneza. Mimi ndiye niliyesimuliwa jioni ile, mimi peke yangu, mezani kwangu. Kitu ambacho mimi nilikisikia kama usaliti, yeye alikisikia kama hatari.

"Hapana," nikasema. "Haongei hivi. Tangu asubuhi si yeye."

"Niambie kila kitu. Amekojoa leo?"

Aibu gani hiyo, kuulizwa mkojo wa mume wako na mwanamke yule. Lakini mimi ndiye niliyekuwa najua. "Sijamwona akitoka. Sidhani kama amekojoa tangu jana usiku. Hajanywa chai. Ameuliza kitu kimoja mara mbili. Vifungo vimemshinda. Na alikuwa anatetemeka, tukadhani ni baridi."

"Amemeza dawa yoyote?"

"Ya maumivu. Asubuhi."

"Ndiyo maana homa haionekani," akasema, na alikuwa tayari amesimama. "Ana kidonda mahali?"

"Mguuni. Panga."

Wakamlaza kwenye kitanda cha magurudumu. Sista akachukua mkasi akapasua suruali ya sherehe, ile niliyompigia pasi mimi mwenyewe, kutoka chini hadi gotini. Kitambaa kilipotolewa, nikaona ngozi nyekundu inang'aa kama imepakwa mafuta, na wekundu ule ulikuwa unapanda kupita goti. Nililala kitanda kimoja na mguu huo, na sikuwa nimeuona.

Wakamfunga mashine ya presha. Sista akaitazama, akamwita daktari, kijana mwenye macho ya mtu ambaye hajalala. Akaja mara moja.

"Nafikiri ni sepsisi," sista akamwambia. "Pumzi zinakimbia, mapigo yanakimbia, presha imeshuka, damu inachelewa kurudi kwenye kucha. Na amechanganyikiwa."

"Joto?"

"Liko chini. Amemeza dawa."

"Una hakika amechanganyikiwa? Si usingizi tu?"

Sista alinitazama mimi. "Mwalimu, mwambie daktari."

Ilibidi niseme. Mbele ya daktari, muuguzi wa mlangoni, na kijana wa bodaboda aliyekuwa ameacha kulia ili asikie. "Anamtumia salamu mzee aliyezikwa," nikasema. "Anadhani hajaoa bado."

Daktari aliitikia kwa kichwa, na kuanzia hapo hakuna aliyetembea polepole. Walimtoboa mikono yote miwili. Walichukua damu ya kupimwa, wakamtundikia maji, yakaingia kwa kasi kama bomba lililofunguliwa, na chupa ya dawa ya kuua vijidudu ikafuata kabla majibu yoyote hayajarudi. Nilimuuliza sista kwa nini hawangoji majibu.

"Hii haingoji," akasema. "Kidonda kilikuwa cha mguu, lakini sasa mwili wote umeingia vitani na umeanza kujipiga wenyewe. Figo, mapafu, akili. Tukingoja tujue ni kijidudu gani, tutakuwa tunajua jina la kilichomuua." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini zaidi, "Pole. Nimesema vibaya."

Hakuwa amesema vibaya. Nilimchukia kwa kusema vizuri.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya, na sitazisimulia zote. Walimpasua mguu kuondoa nyama iliyokufa. Figo zilisitasita, halafu zikarudi kazini. Mdogo wangu alikuja kuniona akiwa bado na rangi ya kucha za sherehe, akaniambia posa ilikubaliwa, nikamkumbatia nikalia, na sikujua ninalia kwa ajili ya nani.

Mama mkwe alifika kutoka Kibugu na kikapu cha nduma na chupa ya uji. Nilisimama kumpokea. Alinipita. Alikwenda moja kwa moja kwa sista, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa wodi, akamshika mashavu kwa mikono yote miwili na kumwita "mwanangu". Mimi nilibaki nimeshika kikapu.

Basi nikaamua kwamba mume wangu ataoshwa na mimi tu. Niliwaambia wauguzi wa wodi wasisumbuke. Nilimpangusa asubuhi, nikampangusa mchana, nikampangusa jioni, mpaka mmoja akaniambia, "Mama, ngozi nayo inataka kupumzika." Sista hakuwa hata anafanya kazi wodini humo, idara yake ilikuwa ile ya dharura. Alipita mara moja kwa siku baada ya zamu, akasimama miguuni pa kitanda, akasoma mashine, akaniuliza nimekula nini. Sikuwahi kumwona akimgusa tena. Lakini nilikuwa nimeshaweka ulinzi, na askari akishashika rungu huona wezi hata kwenye kivuli.

Asubuhi moja mume wangu alifungua macho yaliyokuwa na mtu ndani. Akanitazama.

"Wageni walikula?" akaniuliza.

"Walikula," nikasema. "Walikula wakashiba."

"Nilifika mwisho wa hotuba?"

"Hapana."

Akafumba macho. "Nilikuwa nimeitayarisha vizuri," akasema, na nikajua amerudi.

Hakukumbuka benchi. Hakukumbuka sista kuchuchumaa, wala mbuzi, wala kungoja. Nilimchunguza jinsi ninavyomchunguza mwanafunzi anayesema hakuiona karatasi ya mwenzake. Hakukumbuka kweli. Mimi nilikuwa nimebaki na maneno yale peke yangu, na sista akiwa shahidi.

Alipoanza kutembea na mkongojo, mama mkwe akaitisha maombi ya shukrani Kibugu. Sista alialikwa kama mgeni wa heshima. Nilipika tangu alfajiri: mukimo, kuku wa kienyeji, chapati mpaka mikono ikanuka moshi na mafuta. Nilipotoka jikoni nilimkuta ameketi kwenye kiti cha kitambaa, kile cha mchungaji, chini ya ile picha. Mume wangu alikuwa kwenye stuli, mguu umenyooshwa. Wote wawili walikuwa kimya kabisa. Kimya chao nikakiona kimejaa maneno.

Baada ya sala mama mkwe alisimama kusimulia. Alisimulia vizuri, ana kipaji hicho. Sista alimwona mwanangu kwa mbali, sista akajua, sista akamkimbiza, Mungu akamtumia sista. Watu wakasema amina. Katika hadithi ile sikuwemo. Hata tuktuk ilikuwemo.

Sista akainuka. "Mama, naomba kidogo tu," akasema. "Mimi niliona pumzi zake. Nilisimama kwa sababu alikuwa anapumua kwa mabega, na mtu mzima aliyeketi hapumui kwa mabega. Lakini pumzi peke yake haingetosha. Mimi simjui huyu jinsi alivyo siku hizi. Mwalimu ndiye aliyetuambia kwamba si yeye, kwamba hajakojoa, kwamba amemeza dawa iliyoficha homa. Bila yeye tungemwacha kwenye foleni."

Watu wote wakanigeukia. Mama mkwe akanishika bega, akasema, "Kumbe!" Wakanipigia makofi, mimi na aproni yangu yenye unga. Ungefikiri wivu ungekufa hapo hapo. Haukufa. Uliongezeka. Yule mwanamke alikuwa amenishinda hata kwa ukarimu. Hata sifa zangu nilizipokea kutoka mikononi mwake, kama nguo alizokwisha kuzivaa.

Alipokuwa anaondoka, mama mkwe alinituma nimsindikize hadi barabarani. Tulishuka kati ya mashamba ya chai, mimi mbele, yeye nyuma, kwa sababu njia ni nyembamba. Upande mmoja chai yetu, upande mwingine chai ya marehemu baba yake.

Nikamuuliza bila kugeuka. Ni rahisi zaidi kuuliza hivyo. "Alikungoja kweli?"

Hatua zake zikasita, kisha zikaendelea. "Alikuja nyumbani na wazee," akasema. "Baba alitaka. Mama yake alitaka. Mimi nilikuwa nimepata nafasi ya chuo cha uuguzi. Nilisema hapana. Akasema atangoja. Mimi sikumwambia angoje."

Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba mume wangu ndiye aliyemwacha. Ndivyo nilivyojisimulia miaka yote, na kumbe hata kuachwa kwake hakukuwa kweli. Nilimwonea wivu mwanamke kwa sababu ya kitu alichopewa akakirudisha. Sasa ningefanya nini na wivu wote huo?

"Na siku ile," nikasema, "aliposema vile, ulisikiaje?"

Tukafika barabarani, penye nafasi ya kusimama wawili. Alikuwa anavuta pumzi kutokana na mteremko, na akafuta jasho kwa kiganja.

"Niliogopa," akasema. "Nikimkimbiza na ikawa ni usingizi tu, watasema ni kwa sababu ni yeye. Nikimchelewesha akafa, watasema ni kwa sababu ni yeye. Halafu nikaona umechukua mkoba. Nikajiambia, huyu akiondoka, sina wa kumuuliza."

Gari likaja. Akapanda. Alinipungia mkono dirishani, nami nikampungia, mkono wangu ukiwa mzito lakini ukapanda.

Siakago, jioni ya wiki ile, nilimwambia mume wangu. Tulikuwa barazani, nikimfunga bendeji mpya. Nilimwambia maneno yote ya benchini, kwa Kiembu, kama alivyoyasema.

"Nilingoja miaka miwili," akasema. "Halafu nikaacha kungoja. Halafu muda ukapita kabla sijakutana nawe. Hukunikuta barabarani nikilia, mama watoto."

"Uliniambia mambo ya kwaya."

"Uliniuliza ukiwa na mimba, umeshika mlango, umeshavaa kiatu kimoja. Ningekuambia nini?"

Sikukumbuka kiatu. Lakini niliamini, kwa sababu mambo kama hayo ndiyo anayoyakumbuka yeye.

"Inaniuma," nikamwambia.

"Najua," akasema. Hakuniambia niache. Nilimaliza kufunga bendeji, tukakaa mpaka mbu wakatufukuza ndani.

Kliniki ya mwisho ilikuwa Meru, kabla shule hazijafunguliwa. Daktari alibonyeza kovu, akamwambia atembee, akasema hana haja ya kurudi. Tulipotoka tulipita mbele ya idara ya dharura. Nilijikuta nimepunguza mwendo, natafuta kidevu kile kati ya sare. Hakuwa zamu. Nilipogeuka, mume wangu naye alikuwa ananyoosha shingo.

"Unamtafuta nani?" nikamuuliza.

"Na wewe?"

Nikamwambia twende, mvua inakuja. Akauchukua mkoba wangu akautundika begani mwake, maana mimi nilikuwa nimebeba dawa, tukatafuta tuktuk.